Chengeu la taa kwa kamba ya mkonge: la kwanza lilinyong'onyea, la pili linaning'inia mwaka wa tatu

BintiMuheza

Habari za jioni wanajamvi. Juzi niliweka picha ya taa ya sebuleni kwa mama, na walioniuliza imetengenezwaje wamekuwa wengi, siwezi kumjibu kila mmoja peke yake. Naweka yote hapa, pamoja na pale nilipokosea. Maelezo mengi ya kazi hii yameandikwa na watu wa nchi zenye hewa kavu. Sisi wa pwani tukiyafuata kama yalivyo tunapoteza gundi, uzi na siku mbili za kazi.

Kwanza jina. Kile kinachofunika globu madukani wanaita shedi. Bibi yangu alikuwa akiita chengeu, na mimi nitatumia hilo.

Sebule ya mama hapa Tanga ilikuwa na globu moja tupu katikati ya dari. Mwanga mweupe mkali, unapiga machoni ukikaa kwenye kochi. Usiku mama alikuwa anabeba ukili wake anakwenda kusuka chumbani kwa taa ndogo, wageni tunabaki sebuleni tumekunja nyuso. Nikaamua kumtengenezea taa ya kuning'inia. Niliona njia ya puto: unapuliza puto, unalizungushia uzi uliochovywa kwenye gundi, gundi ikikauka unatoboa puto, unabaki na tufe la uzi lenye matundu matundu. Ilikuwa Januari, jua kali. Nikanunua uzi wa masweta wa rangi ya maziwa na gundi nyeupe ya maseremala. Likatoka zuri kweli, mama akaita majirani waje kuona.

Masika ikaingia. Katikati ya Aprili nikaona chengeu limeanza kurefuka. Juu, pale linaposhikwa na holda, palikuwa pamebonyea, na chini tumbo limeshuka kama papai. Nikilishika lilikuwa laini, linabonyea kwa kidole kama kitambaa kilichotiwa wanga kisha kikanyeshewa. Wiki iliyofuata nilikuta uzi umeilalia globu kabisa. Bahati ilikuwa ya LED, haina moto mkali. Nikalishusha siku hiyo hiyo.

La pili nimelitengeneza kwa kamba nyembamba ya mkonge, na limeshapita masika mbili bila kubadilika umbo. Nikitulia naendelea.

MamaWawili_Mwanza

Dada endelea, nimeweka kiti. Mimi puto langu lilipasuka kabla gundi haijakauka, uzi wote ukakunjamana. Nililia, maana nilikuwa natengenezea chumba cha mtoto.

BintiMuheza

Pole sana mama. Nadhani uliliweka juani? Hewa iliyo ndani ya puto ikipata joto inatanuka, na mpira wenyewe jua linauchosha haraka. Asubuhi likiwa kivulini linakaa salama, saa sita linalia paa. Hata ukilipuliza usiku wa baridi ukalihamishia mahali pa joto, tayari umelikaza. Mimi naanika ndani, mbali na dirisha, feni ikiwa inavuma upande mmoja. Halafu usilijaze mpaka mpira uwe mwembamba wa kuangaza. Likiwa na uwezo wa kufika sentimita 35, ishia 30.

Kuna njia nyingine ambayo sasa ndiyo naipendelea: ule mpira wa plastiki wa kuchezea ufukweni, wenye kizibo cha kupulizia. Ni mzito kuliko puto, haupasuki hovyo, na ukimaliza unafungua kizibo unautoa hewa taratibu, unauvuta kupitia tundu la chini. Unautumia tena na tena.

Sasa vifaa. Kamba ya mkonge nilinunua bonge moja, unene kama milimita mbili, ile wanayofungia mizigo. Ilitumika kama mita 90 kwa chengeu la upana wa sentimita 30. Upana niliupima kwa ndoo ya lita 20: mpira ukikaa mdomoni mwa ndoo bila kutumbukia, basi. Ndoo hiyo hiyo ndiyo inakuwa kigoda cha kufanyia kazi. Mafuta ya mgando unaupaka mpira wote, safu nyembamba lakini usiache hata nafasi ya kidole, kwa kuwa pale ulipopasahau ndipo gundi itakapong'ang'ania. Gundi nyeupe vikombe viwili kwa kikombe kimoja cha maji. Kalamu ya wino mzito ya kuchora duara mbili kwenye mpira kabla hujapaka mafuta: ya juu ndogo, ya kupita shingo ya holda tu, na ya chini ya sentimita 15, mkono wangu upite na globu mkononi. Humo kwenye duara kamba haiingii.

Kamba ya mkonge kavu ni kaidi, ukiikunja inarudi. Iloweke kwenye maji ya uvuguvugu robo saa, ikamue, ndipo uichovye kwenye gundi. Ikilowa inatoa harufu. Kwa wengine ni harufu ya majani mabichi tu. Mimi ni mtoto wa shamba la mkonge, baba alifanya kazi korona, kiwanda cha kuchakata majani ya mkonge, zaidi ya miaka ishirini na alikuwa akirudi jioni na harufu hiyo kwenye shati. Nilipoichovya mara ya kwanza kwenye beseni la mama, mama alikuja jikoni akasimama, hakusema kitu kwa muda.

Mwana wa Korogwe

Umenigusa ndugu yangu. Na mimi nimekulia kambini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la mkonge. Watoto wa sasa hawajui kwamba mmea huu ni mgeni. Mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliuagiza mwaka 1893, miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika ikashika ardhi Tanga ni 62 tu. Kutoka hiyo 62 yakaja mashamba ya Muheza, Korogwe, mpaka Kilosa na Morogoro. Miaka ya 1960 tulikuwa tunauza nje zaidi ya tani 200,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, kwa mwaka. Halafu nailoni ikaingia, kamba zetu zikakosa soko. Kwa hiyo ninapoona mtu ameitundika katikati ya sebule, nafurahi.

BintiMuheza

Asante kaka. Na mkonge una faida yake katika kazi hii: singa yenyewe ni ngumu. Uzi wa sweta bila gundi ni uzi tu, unalala. Kamba ya mkonge hata gundi ikilegea kidogo, yenyewe bado inasimama.

Ila jambo lililonifumbua macho zaidi halikutoka kwenye kamba. Lilitoka kwa mama.

Nilikuwa nimekaa sakafuni nazungusha, juu chini, juu chini, nageuza mpira kidogo kila mzunguko, kama mistari ya ramani ya dunia. Mama yuko kwenye mkeka wake anasuka ukili, ananitazama. Akaniuliza, "Hizo kamba zinashikana na nini?" Nikamwambia gundi. Akasema, "Gundi ikichoka?" Akaweka ukindu chini, akachukua ncha ya kamba mkononi mwangu, akaipitisha *chini* ya mbili zilizokwisha kulala, akaitoa juu, akaivuta ikakaza. "Mkeka hauna gundi, mwanangu. Unakalika miaka kumi kwa sababu kila ukindu umeshikwa na mwenzake."

Ndipo nikaelewa kilichoangusha chengeu la kwanza. Nilikuwa nimelaza uzi juu ya uzi, safu baada ya safu, na kila safu imebandikwa tu kwenye iliyo chini yake. Gundi ilipolegea kwa unyevu, safu zikateleza moja juu ya nyingine.

Kwa hiyo la pili nimelisuka hivi. Mizunguko ya kwanza ni ya kusimama, kutoka duara la juu hadi la chini na kurudi, kama 20. Inayofuata ni ya mshazari, na hapa kila baada ya mizunguko mitatu minne ncha naipitisha chini ya kamba mbili zilizotangulia. Kazi inakuwa ndefu, ncha unaivuta yote kila unapopitisha, hivyo kata kamba vipande vya mita sita au saba badala ya kuburuta bonge zima. Kisha mshazari wa upande wa pili, ili matundu yawe ya pembetatu. Pembetatu haibonyei, mraba unabonyea. Fundi yeyote wa kenchi za paa atakwambia hivyo. Mwisho mizunguko mitatu ya kulala kuzunguka mdomo wa chini na miwili juu, iwe pindo.

Kila mahali kamba zinapokutana nikapita na brashi ndogo kuongeza tone la gundi. Hiyo tu ilichukua saa nzima, na ningekuwa na haraka nisingeifanya. Msiiruke.

Ticha_Kemia

Dada, naomba niongeze upande wa gundi maana somo hili nalifundisha. Gundi nyeupe ya mbao ni chembe ndogo ndogo za plastiki zinazoelea ndani ya maji. Maji yakikauka chembe zinasogeleana zinaungana kuwa utando. Tatizo ni mawili. Utando huo hunywa unyevu wa hewa na kulainika. Pili, plastiki hiyo yenyewe inaanza kuwa laini kati ya nyuzi joto 30 na 45, na chini ya bati la Tanga mchana tunafika huko bila shida. Kitu chenye uzito kikining'inia kwenye utando laini kinavutika polepole, siku hadi siku, bila kukatika. Ndilo umbo la papai ulilolieleza. Mama yako amelitatua bila kemia: amehamisha mzigo kutoka kwenye gundi kwenda kwenye kamba.

BintiMuheza

Mwalimu, shikamoo. Nitamsomea mama maneno haya leo.

Kibokoni

Salaam kutoka Mombasa. Langu mie nilifuma kwa uzi wa pamba, likapata madoa meusi ya ukungu mvua zilipokuja. Vanishi yasaidia?

BintiMuheza

Inasaidia, kaka, ila kwa mpango. Kwanza chengeu likauke kabisa mpaka ndani ya kamba. Kwa hali ya pwani usiamini siku moja. Mimi nilingoja siku nne. Ukipaka vanishi unyevu ukiwa bado ndani umeufungia humo, na ukungu utaota chini yake. Kipimo changu: libonyeze kwa kiganja likiwa bado kwenye mpira. Kama linatoa ubaridi, bado.

Kisha tumia vanishi ya mafuta, isiyo na rangi. Ile ya maji inalowesha gundi upya, utaona kamba zinalegea mbele ya macho yako. Safu mbili nyembamba, nje na ndani, siku moja katikati. Paka nje ya nyumba, mbali na jiko, na liache huko mpaka harufu iishe. Katika kazi nzima vanishi ndiyo iliyokula pesa zaidi, na ndiyo singekubali kuiacha. Hilo lako lenye madoa usilipake. Madoa yatabaki yakionekana milele. Lifute kwa kitambaa chenye siki, lianike, uone kama yanatoka.

Dom_Makulu

Huku Dodoma hatuna shida hiyo, hewa ni kavu, gundi inakauka usiku mmoja. Nilitumia uji mzito wa wanga wa muhogo na uzi wa kusukia nywele, shule ya watoto. Mpaka leo yapo darasani.

BintiMuheza

Kwa Dodoma sawa kabisa mkuu, na kwa watoto wanga ni salama kuliko kuwapa gundi. Kwetu huku wanga unaita mende na panya. Nilijaribu kidogo kidogo, kitufe cha ukubwa wa chungwa, nikakuta kimetafunwa upande.

Kuhusu uzi wa kusukia nywele: ni wa plastiki, gundi haiingii ndani yake, inapaka juu tu. Pamba na mkonge zinakunywa gundi. Hapo kuna tofauti kubwa.

FundiWaya

Dada, nimesoma yote. Usukaji umeueleza vizuri ila umeme umeupita haraka, naomba nafasi.

Moja, kabla ya kugusa taa ya dari zimeni meni swichi, msitegemee swichi ya ukutani peke yake. Nimekuta nyumba nyingi swichi inakata nyutro badala ya laivu, ule waya unaoleta umeme; globu imezima lakini holda ina umeme wote wa volti 230. Ipimeni kwa testa.

Uzito: chengeu lisishikwe na waya ulioungwa kwenye skrubu. Ndani ya silingi rozi, kile kikombe cha darini, waya unapita kwenye vile vishikio, au unafungwa kifundo, ili mvuto uishie hapo na si kwenye maungio. Tumieni waya wa fleksi uliokusudiwa kuning'inia, si ule mgumu wa ndani ya ukuta.

Globu: LED tu, wati 5 hadi 9. Globu ya zamani ya wati 60, zaidi ya asilimia 90 ya umeme wake inakuwa joto, na mkonge mkavu wenye vanishi ya mafuta ni kuni. Hata LED shina lake linapata joto na linataka hewa, ndiyo maana matundu ya dada ni mazuri. Globu ikae katikati, isikaribie kamba. Na mkinunua holda angalieni globu zenu ni za pini au za kuzungusha, tuna zote mbili nchini na watu hurudi dukani mara mbili. Holda ikiwa ya chuma, lazima athi, yaani waya wa ardhini.

BintiMuheza

Fundi, asante sana. Kufunga nilimwita fundi, sikufanya mwenyewe, na nawaomba wote mfanye hivyo. Naongeza jinsi chengeu linavyokaa kwenye holda, kwa sababu ndipo la kwanza lilipobonyea. Nilikata visahani viwili kwenye kifuniko cha ndoo ya plastiki, upana wa sentimita nane, tundu katikati la shingo ya holda. Kimoja kinakaa ndani ya chengeu, kingine juu yake, kamba zikiwa katikati, halafu ringi ya holda inavikaza. Mzigo unaenea kwenye sahani nzima badala ya kuning'inia kwenye kamba tatu.

MamaWawili_Mwanza

Na globu ni rangi gani? Maana picha yako mwanga umetulia.

BintiMuheza

Angalia boksi, kuna namba yenye herufi K. Nyingi madukani ni 6500, mweupe wa ofisini. Tafuta 2700 au 3000, ni wa manjano kama wa kandili. Na ukitaka kivuli cha kamba kichorwe ukutani, chukua globu ya kioo angavu. Yenye kioo cha maziwa inafuta mistari. Kwa mama niliweka ya maziwa, kwani anasuka na mistari ingemchanganya kwenye ukindu. Chumba cha mtoto ningeweka angavu. Usiku wa kwanza tulipojaribu ile angavu, pembetatu zilitanda ukuta mzima hadi juu ya picha ya baba, na feni ikilisukuma chengeu kidogo, ukuta wote ulikuwa unakwenda na kurudi taratibu. Mama alikaa anatazama mpaka chai ikapoa.

Sasa anasukia sebuleni. Mkeka wa mwisho kaumalizia hapo hapo chini ya taa.

Kibokoni

Swali la mwisho dada. Kwenye baraza ya nje nitundike?

BintiMuheza

Baraza inayopigwa na mvua au upepo wa bahari, hapana. Chumvi na maji vitaishinda vanishi, na fundi hapo juu atakugombeza kwa holda ya ndani kuwekwa nje. Baraza ya ndani yenye paa na kuta tatu, sawa, ila lishushe kila mwaka kabla ya masika, lifute vumbi kwa brashi laini, lirudishie safu moja ya vanishi.

Mama wa Mwanza, siku ya kutoa puto usitoboe kabla hujaliachanisha. Chukua upande usio na ncha wa penseli, pitia kila tundu, sukuma mpira kidogo kwa ndani. Utasikia unabanduka, parara, parara. Ukimaliza kuzunguka, toboa karibu na fundo, pale mpira umelegea, si tumboni. Hewa itatoka polepole.

MamaWawili_Mwanza

Wapendwa, narudi baada ya siku tisa. Nimetumia mkonge, nimepitisha chini kama mama alivyosema. Siku ya tano lilikuwa bado baridi kiganjani, nikangoja. Leo asubuhi nimezunguka na penseli, likabanduka upande mmoja baada ya mwingine, nikatoboa kwenye fundo. Mpira ulijivua wenyewe ukaanguka chini ya ndoo. Chengeu limebaki duara. Mwanangu ameliweka kichwani anatembea nalo nyumba nzima, na halijabonyea. Vanishi kesho.